Madebe Mawili

*Maneno ya mzee mmoja wa kanisa, mfanyabiashara wa nafaka aliyestaafu, mbele ya vijana na wafanyabiashara Wakristo, Dodoma mjini. Yameandikwa kama alivyoyasema, isipokuwa pale aliporudiarudia.*

Bwana Yesu asifiwe. Mbukwenyi.

Mchungaji, wazee wenzangu, akina mama, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango kama abiria wanaosubiri basi, nawashukuru. Katibu wa semina aliponipigia simu alisema, "Mzee, utuzungumzie uaminifu, dakika arobaini tu." Nikamuuliza, mbona mimi? Akajibu, "Kwa sababu wewe unajulikana kwa uaminifu." Nikakaa kimya kidogo. Halafu nikamwambia nitakuja, lakini nitakuja na madebe yangu.

Haya hapa. Naomba kijana mmoja aninyanyulie, mkono wangu wa kulia siku hizi haupandi. Asante.

Hili la kwanza ni la bati, zamani lilikuwa la mafuta ya kula. Debe ni lita 20, hilo hakuna mama humu wa kufundishwa. Sasa tazameni ukingo wa juu. Mnaona mshono? Fundi bati aliongeza kipande cha upana wa vidole viwili, akalehemu vizuri, akapaka rangi nje na ndani. Ukiwa huna habari, huoni kitu. Hili lilikuwa la kununulia. La pili ni pacha wake, rangi ileile, ila ukiligeuza utakuta kitako kimegongwa kikaingia ndani, kimebonyea kama sahani. Hili lilikuwa la kuuzia.

Madebe haya ni yangu. Sikuyaokota, sikurithi, wala sikupewa na mtu. Nilimlipa fundi kwa hela yangu.

Torati ilishatukataza. Kumbukumbu la Torati sura ya 25 inasema mtu asiwe na mawe ya kupimia mawili mfukoni mwake, kubwa na dogo. Zama zile mizani ilikuwa na mawe: upande mmoja unaweka bidhaa, upande wa pili unaweka jiwe. Mfanyabiashara alitembea na mawe yake kwenye mfuko. Akinunua anachomoa zito, akiuza anachomoa jepesi, na mfuko ni uleule. Nililisoma andiko hilo miaka mingi nikidhani linawahusu Waisraeli na mawe yao. Mimi mawe sikuwa nayo. Nilikuwa na madebe.

Na mtazame lilivyoandikwa. Halisemi usilitumie jiwe lile la pili. Linasema usiwe nalo.

Sasa niwaambie biashara ilivyokwenda, maana wengi wenu mmezaliwa mjini. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na ikikata mapema ndiyo imekata. Mkulima wa Kongwa au Mpwapwa anavuna mwezi wa tano, wa sita. Wakati huo ana madeni, ana ada ya mtoto, kuna harusi, kuna ugonjwa. Anauza. Mimi nafika na gari la kukodi, magunia matupu na debe la ukingo mrefu. Ikifika Januari ghala lake limekwisha, shamba liko kwenye palizi, watoto wanataka kula. Anakwenda kuhemea. Anahemea wapi? Kwangu. Na mimi namtolea debe la kitako kilichobonyea.

Mama yuleyule. Mahindi pengine yaleyale.

Nikinunua debe sita kwa debe kubwa, nilikuwa nauza debe saba kwa debe dogo na bado inabaki theluthi ya debe. Hapo sijagusa bei. Faida ya bei ilikuwa kando, halali kabisa, ya usafiri na ya kuhifadhi. Hii nyingine ilikuwa faida ya bati.

Jumapili mimi ndiye niliyekuwa mweka hazina wa mtaa. Nawaambieni mbele za Mungu, hesabu ya kanisa haikupungua hata senti. Sadaka nilihesabu mara mbili, nikaandika kwa kalamu ya wino, na mara nyingine zikipungua nilijazia mfukoni mwangu. Kwa hiyo msije mkadhani mwizi ni mtu wa kila mahali. Mwizi anaweza kuwa mwaminifu sana chumba kimoja. Nabii Amosi aliwasema watu wa namna yangu: walishika sabato, hawakufungua duka, ila mioyo yao ilikuwa inauliza sabato itaisha lini wauze nafaka na kuipunguza efa, yaani kile kipimo chao cha nafaka. Kushika sabato walishika. Nami nilishika.

Kitu kingine kilichonilaza usingizi ni kwamba sikuwa nasema uongo. Mama akiuliza, "Debe hili ni kamili?" nilikuwa namjibu, "Mama, si unaliona?" Mdomo wangu ulikuwa safi. Debe ndilo lililosema. Kuna watu hapa mkisikia neno uongo mnafikiria ulimi tu, na mnajipima hapo, mnajiona wazima. Kuna uongo wa mikono. Kuna mwenye nyanya anayepanga kubwa nzuri juu ya sado, chini kaweka za kupikia supu. Mwenye mkaa kaweka vipande vikubwa mdomoni mwa gunia, katikati chenga tupu. Hawajatamka neno.

Nilijitetea, bila shaka. Kila mtu ana debe lake. Barabarani kuna gharama. Panya wanakula. Wenzangu wananunua kwa lumbesa, gunia lina kilemba juu kama bwana harusi, mimi nina vidole viwili tu. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mjini hapa bila ujanja utaishije? Nilikuwa na misemo ya kutosha kuandika kamusi.

Aliyenishika hakuwa mchungaji wala polisi. Alikuwa binti yangu, darasa la nne. Mwalimu aliwapa kazi ya kupima ujazo wa vyombo vya nyumbani. Nimetoka kulala mchana, namkuta uani amelowa, ana chupa ya lita moja na madaftari yake juu ya kinu. Akaniambia, "Baba, hili limeingia chupa ishirini na mbili. Hili limeingia chupa kumi na nane. Lipi ni debe?"

Nikasimama pale. Kuku wanakunywa yale maji aliyomwaga. Akarudia, kwa sababu alitaka kuandika: "Baba, lipi ni debe?"

Nikamwambia, "Yote ni madebe. Andika ishirini."

Akaandika ishirini. Mara mbili. Siku hiyo ndipo mdomo wangu ulipoungana na mikono. Na nilichokuwa nawafanyia akina mama wa Kongwa nilimfanyia mtoto wangu kwenye daftari la shule, na mwalimu akampa vema.

Sasa nataka kutoka kwenye mahindi kidogo, maana naona wengine mmeanza kujiegemeza vizuri kwenye viti, mnasema moyoni, mimi nafanya kazi ofisini, nafaka si mambo yangu.

Nilipanda daladala kutoka Sabasaba juzijuzi. Kijana mmoja mtanashati, shati limepigwa pasi, simu sikioni: "Ndiyo bosi, niko Kibaigwa hapa, foleni tu, nakaribia." Kibaigwa, kule Kongwa! Sisi wote tunaangalia soko la Sabasaba, hapahapa mjini, dirishani. Hakuna aliyeshtuka, konda aliendelea kudai nauli. Dakika mbili baadaye simu yake ikaita tena, nadhani ni mtu mwenye deni lake. Kijana akafoka: "Usinidanganye bwana! Niambie ukweli, uko wapi?" Nikamtazama nikasema moyoni, mwanangu, umebeba madebe mawili na huyajui.

Hicho ndicho ninachowaambia. Ukitaka kujua kama wewe ni mwaminifu usijiulize tu kama umesema uongo leo. Jiulize kama kipimo unachopokelea ndicho unachotolea. Bosi anayehesabu dakika alizochelewa mfagizi, halafu koti lake liko kwenye kiti tangu saa mbili na mwenye koti yuko mjini kwenye shughuli zake. Mtumishi anayesaini siku tano za posho kwa safari ya siku tatu, na huyohuyo akitoka dukani anahesabu chenji mara mbili. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa nguvu mwaka 2016, tumejifunza na bei mbili za kiwanja, ya mwenyeji na ya mgeni aliyeshuka na gari lenye vumbi la Morogoro. Nyumba ileile, chumba kilekile, kodi inategemea suti ya mpangaji. Na wapo wapangaji wanaotukimbia na kodi ya miezi mitatu, nao Jumapili wanaimba kwaya. Siwataji. Nami naimba kwaya.

Suala la risiti nalo linaumiza. Tangu mashine za risiti zilipoingia mwaka 2010, swali limekuwa moja dukani: "Na risiti au bila risiti?" Bei mbili. Mnunuzi Mkristo anachagua ile ya chini, kisha jioni analalamika zahanati haina dawa. Ninajua mwenye duka jirani anauza bila risiti na wateja wanahamia kwake. Ninajua. Sitawaambia ni rahisi.

Hapa naomba nitofautiane na wahubiri wengine. Tunaambiwa ukinyooka, Mungu atainua biashara yako. Mimi niliponyoosha kipimo nilipata hasara. Niliyaweka madebe stoo, nikanunua mizani ya kuning'iniza, nikaipeleka ikahakikiwa ikabandikwa stika. Sheria ya Vipimo, Sura 340, iko wazi: gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wapo. Nikaenda kijijini kifua mbele. Wenzangu wenye madebe marefu wakatangaza bei ya debe iliyo juu kidogo kuliko ile inayotoka kwenye kilo zangu. Wanaweza, kwa sababu debe lao lina lita mbili za ziada! Mkulima anasikia bei, lita haisikii. Nikaonekana mimi ndiye bahili, mimi ndiye mnyonyaji.

Na mizani yenyewe waliiogopa. Mzee mmoja aliniambia, "Debe naliona kwa macho yangu. Hicho chuma chako unakisoma wewe." Nikakosa la kumjibu. Tulikuwa tumewaibia kwa debe waliloliona kwa macho, ndiyo maana hata cha haki hawakukiamini. Uongo wa mmoja unawalipisha na wengine. Msimu ule nilirudi na nusu gari.

Zaburi ya 15 inamsifu mtu ambaye hata kama ameapa kwa hasara yake, habadili neno. Imesema kwa hasara yake. Imeandikwa, haikufichwa. Baadaye wateja walirudi, sikatai, soko la nafaka la Kibaigwa lenyewe siku hizi watu wanauza kwa kilo na mkulima anajua kusoma namba. Lakini ningekuwa nimenyooka ili nipate faida, ningekuwa nimetafuta debe la tatu tu.

Nirudi kwenye toba, kwa sababu hapo ndipo nilipokwama muda mrefu.

Nilitubu mapema. Kila Jumapili tunaungama, na mimi niliungama, wakati mwingine kwa machozi. Nikasamehewa. Naamini nilisamehewa. Lakini angalieni jambo hili: Mungu nilikuwa namwambia "nisamehe," na Mungu hakuwa ananidai mahindi. Waliokuwa wananidai wako Kongwa, na kule sikwenda. Ni rahisi sana kuomba msamaha kwa asiyekudai.

Wazee wetu wa uamsho walilijua hili. Uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda na Kagera ukafika hata huku katikati, ulijulikana kwa nyimbo na kwa kutembea nuruni, yaani kusema dhambi yako waziwazi mbele ya ndugu. Ila watu wasiosali waliwatambua kwa kitu kingine. Mtu akiokoka, kesho yake anagonga mlango wa jirani na kitu alichoiba mkononi. Siku hizi tumebaki na nyimbo. Nyimbo ni nzuri, sisemi.

Zakayo alikuwa mfupi wa kimo lakini hesabu yake ilikuwa ndefu. Luka 19: "Ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Hakusema ataacha. Kuacha ni lazima, hakuna haja ya kutangaza. Alisema atarudisha. Na ni baada ya hapo Bwana akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Sikilizeni, sisemi tunanunua wokovu kwa magunia, mchungaji asije akaninyang'anya kipaza sauti. Nasema kwamba ulipofika, ulifika mpaka stoo.

Shida ikawa: nirudishe kwa nani? Wezi wa bunduki wanakumbuka waliyemwibia. Mwizi wa vidole viwili hana orodha. Nilikaa na daftari usiku, nikaandika vijiji, nikajaribu kukumbuka nyuso. Wengi majina siyajui. Wengine wamekufa, wengine wamehamia Kiteto na kwingine. Nilipata majina tisa. Tisa, kati ya miaka kumi na moja ya biashara! Kwa wale nisiowakumbuka nilitoa kwa maskini, lakini niwaambie ukweli, haikunipa amani ileile, maana maskini niliyempa hakuwa yule niliyemwibia, na alinishukuru. Hilo la kushukuriwa liliniuma sana.

Kati ya wale tisa kuna bibi mmoja. Nilikwenda kwake Januari, makusudi, mwezi wa njaa. Nilikuwa na bahasha. Nilipiga hesabu ya vidole viwili vyote vya miaka yote niliyonunua kwake, nikazidisha mara nne kama Zakayo, kwa bei ya mwaka ule. Nikamkuta kakaa kivulini anachambua mlenda. Nikasalimia, nikapewa kigoda, nikaanza kueleza. Nilieleza yote: ukingo, kitako, fundi. Hakunikatisha. Vidole vyake viliendelea na mlenda.

Nilipomaliza nikaweka bahasha mbele yake. Hakuishika. Akaniuliza, "Ulichukua hela?"

Nikasema hapana, bibi, nilichukua mahindi.

"Basi lete mahindi."

Mnajua bei ya mahindi mwezi wa tano na mnajua bei yake Januari. Nami nilijua, nilikuwa nimeishi kwa tofauti hiyo miaka kumi na moja. Nikarudi mjini, nikanunua, na safari hii mimi ndiye niliyekwenda kuhemea. Wiki iliyofuata nikafika na gari na magunia manne. Majirani wakajaa uani, watoto wakakaa juu ya ukuta wa zizi. Nikashusha gunia la kwanza, nikatundika mizani yangu kwenye tawi, yenye stika, nikamwita aje aone namba inavyosoma.

Bibi akaiangalia mizani, akaniangalia mimi. Akasema, "Hiyo iweke pembeni."

Akaingia ndani. Tukasikia vyombo vinasogezwa. Akatoka na debe lake, kuukuu, limepata kutu mdomoni. Akaliinamisha nione ndani, akaligeuza nione kitako, akakipiga kwa kiganja mara mbili. Kisha akalisimamisha chini mbele ya miguu yangu.

"Haya," akasema. "Pima."